Skwadroni ya 31 na Posho Iliyotoka Angani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali yanayorudiwa tena na tena kuhusu Skwadroni ya 31 ya jeshi la anga la Uingereza, hasa kazi yake ya kubeba mizigo katika vita vya Burma (Myanmar ya leo) kati ya 1942 na 1945. Wengi wanaouliza ni wajukuu wa askari wa Keya (KAR, King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) waliosikia majina ya Kalewa na Chindwin yakitajwa jioni na babu zao. Kama hilo ndilo lililokuleta, anza swali la 11, kisha urudi juu.

## Mambo ya msingi

1. Skwadroni ya 31 ilikuwa kikosi gani?

Ilikuwa kikosi cha ndege kilichoundwa Farnborough, Uingereza, tarehe 11 Oktoba 1915. Kabla mwaka ule haujaisha ilikuwa imeshapelekwa India, ikawa skwadroni ya kwanza ya ndege za kijeshi kufanya kazi katika nchi ile. Ndiyo maana kaulimbiu yake ya Kilatini, *In Caelum Indicum Primus*, ina maana ya "wa kwanza katika anga ya India". Ilikaa huko zaidi ya miaka 30.

Skwadroni ni kikosi kinachojitegemea. Ina marubani, mafundi, makarani, wapishi, watu wa ghala na watu wa simu ya upepo. Katika Burma, skwadroni ya Dakota ilikuwa na ndege kama 20 hadi 30. Ukisikia "Skwadroni ya 31 iliruka", kumbuka kwamba wengi wa watu wake hawakuondoka ardhini siku ile. Walikuwa chini ya bawa, jua likiwachoma, wakibadilisha plagi za injini.

2. Kwa nini inaitwa skwadroni ya usaidizi? Haikupigana?

Haikuwa na kazi ya kudondosha mabomu wala kuwinda ndege za adui. Kazi yake katika vita hivi ilikuwa kupeleka chakula, risasi, dawa, barua na watu, na kurudi na majeruhi. Dakota zilizobeba mizigo hazikuwa na mizinga ya kujikinga.

Ila mtu asidhani ilikuwa kazi ya nyuma ya mstari. Ndege hizi zilipita chini sana, polepole, juu ya msitu wenye Wajapani wenye bunduki, na zilirudia mzunguko uleule mara nane au kumi hadi mzigo uishe. Rubani wa ndege ya kivita akishambuliwa anajibu. Huyu wa Dakota alikuwa na mchele tu.

3. Dakota ni ndege gani?

Ni ile ndege ya Kimarekani ya Douglas, C-47, toleo la kijeshi la DC-3. Ina injini mbili za Pratt & Whitney, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 1,200, na urefu wa mabawa kutoka ncha hadi ncha ni mita 29. Kwa kitabu ilibeba kama tani mbili na nusu au zaidi kidogo. Burma mara nyingi ilipakiwa kupita kipimo hicho.

Mbele walikaa rubani, rubani msaidizi, mtu wa ramani na mtu wa simu ya upepo. Baada ya vita Dakota nyingi ziliuzwa kwa mashirika ya kiraia, na East African Airways nayo ilizirusha, kwa hiyo wazee wengi wa kwetu waliopanda ndege miaka ya 1950 walipanda mashine ya aina hiyohiyo.

4. Kabla ya Burma ilifanya nini?

Kwa miaka mingi ilikuwa mpakani mwa India na Afghanistan. Tetemeko la ardhi la Quetta, tarehe 31 Mei 1935, liliangusha majengo ya kambi usiku watu wakiwa wamelala, na skwadroni ikapoteza watu wake.

Mwaka 1939 ikageuzwa kuwa ya uchukuzi, ikapewa Valentia, ndege kubwa nzito yenye mabawa mawili juu na chini. Mwaka 1941 ikapata DC-2 zilizokwisha kutumika katika mashirika ya ndege ya Marekani. Hizo Valentia na DC-2 ndizo zilizobeba askari wa Kiingereza kutoka Shaibah hadi Habbaniya, Iraki, Aprili 1941, siku chache kabla mapigano hayajalipuka huko.

## Burma

5. Kwa nini jeshi la Burma lilishwe kutoka angani? Hakukuwa na barabara?

Barabara zilikuwepo, lakini chache, na mvua ilizila. Kati ya India na Burma kuna milima yenye misitu iliyosimama kama kuta, moja nyuma ya nyingine. Kilele cha Kennedy kina mita 2,700. Jeshi la Kijapani lilipoingia Burma mwaka 1942, mbinu yake ilikuwa kuzunguka ubavuni na kukata barabara nyuma ya Waingereza. Njia ikikatwa, posho inakatika. Posho ikikatika, jeshi linarudi nyuma, na mwaka 1942 lilirudi nyuma hadi India.

Jenerali Slim wa Uingereza, aliyekuja kuongoza Jeshi la 14, yaani jeshi lililopigana Burma, aliligeuza wazo hilo: askari wakikatiwa njia, wasikimbie. Wakae, wachimbe mahandaki, na chakula kiwafikie kwa juu. Mpango mzima ulisimama juu ya mabega ya skwadroni chache za uchukuzi. Naamini hapa ndipo vita vya Burma viligeuka, na inasikitisha kwamba picha za ukumbusho huonyesha mizinga na bendera, mara chache gunia.

6. Mzigo ulidondoshwaje hasa?

Mlango wa upande wa ndege uliondolewa kabisa kabla ya kuruka. Magunia yalipangwa sakafuni, mengine yakarundikwa pale mlangoni. Askari wa chini walitandaza vitambaa vyeupe kwenye uwazi na kuwasha moto wa moshi. Rubani akiiona alama, alishuka na kuanza kuzunguka.

Alipofika juu ya alama aliwasha taa ya kijani na kupiga kengele. Hapo watu wa nyuma, wengi wao askari wa Kihindi wa idara ya uchukuzi ya jeshi, walilala chali sakafuni, wakashika mbavu za ndege kwa mikono, wakasukuma kwa nyayo. Rundo likatoka. Kengele ikalia tena, wakaacha, ndege ikapinda bawa ili kurudi, na wao wakakimbilia kuvuta rundo jingine mlangoni kabla haijanyooka. Sakafu ilikuwa ikiinama, upepo ukiingia, na bila mlango hakuna kilichomzuia mtu asifuate mzigo. Kutoa tani mbili na zaidi kwa namna hii kulichukua muda mrefu, na wote walitoka jasho utadhani wamenyeshewa.

Si kila kitu kilipewa mwavuli (parachuti). Mchele, unga wa ngano na chakula cha nyumbu vilitupwa hivihivi kutoka chini sana, vikiwa katika magunia mawili au matatu, moja ndani ya jingine, ili la ndani likipasuka la nje likamate. Risasi, dawa na vitu vya kuvunjika vilishuka kwa mwavuli. Watu wa chini walijifunza haraka kukaa mbali, kwa sababu gunia lisilo na mwavuli liliweza kumuua mtu, na liliwaua baadhi.

7. Ni kweli ndege yao ilitua katikati ya msitu kuokoa wagonjwa?

Ni kweli. Mwanzoni mwa 1943 Brigedia Wingate wa Uingereza aliingiza askari wake, waliojulikana kama Chindit, nyuma ya mistari ya Wajapani kwa miguu. Skwadroni ya 31 ndiyo iliyowalisha, ikiruka kutoka Agartala. Mwishoni mwa Aprili safu moja ilikuwa inarudi ikiwa hoi, na wagonjwa na majeruhi wasioweza kutembea. Kwa desturi ya msafara ule, asiyeweza kutembea aliachwa.

Waliokuwa chini waliona uwazi msituni, wakatandaza vitambaa vya miavuli kuandika maneno ya kuiomba ndege itue. Rubani Michael Vlasto alitua. Akapakia watu 17, akageuza ndege, akaiondoa katika uwazi mfupi uliozungukwa na miti. Kwa waliobaki msituni mwaka ule, na kwa makamanda waliosikia, habari ile ilikuwa na uzito kuliko ushindi mdogo wa bunduki: kumbe majeruhi anaweza kutolewa. Mwaka uliofuata mipango yote ilihesabu kwamba ndege zitatua.

8. Mwaka 1944 ulikuwaje?

Ulikuwa mwaka wa kazi bila pumzi.

Februari, huko Arakan, pwani ya magharibi ya Burma, Wajapani waliizunguka Divisheni ya 7 ya India penye Sinzweya. Ndege za kwanza za mzigo zilirudishwa na ndege za kivita za adui. Jenerali William Old, Mmarekani aliyeongoza kamandi ya uchukuzi, akaingia mwenyewe kwenye kiti cha rubani na kuongoza safari iliyofuata. Kwa takriban wiki nne zilifanyika safari 714 na kudondoshwa karibu tani 2,300. Kuanzia risasi hadi viatu, vyote vilitoka juu. Divisheni haikurudi nyuma.

Tarehe 5 Machi ilianza safari ya pili ya Chindit, mara hii kwa ndege. Nyelea, yaani ndege zisizo na injini, zilitua kwanza usiku, watu wakalainisha ardhi, na Dakota zikaanza kutua gizani moja baada ya nyingine. Kwa siku chache waliingizwa askari karibu 9,000 na nyumbu zaidi ya 1,000 katika nchi iliyoshikwa na adui. Nyumbu alisimama ndani ya ndege, kafungwa kati ya mianzi, mchungaji wake amemshika kichwa.

Kisha Imphal, mji wa India karibu na mpaka wa Burma. Barabara ilikatwa mwishoni mwa Machi na haikufunguka hadi 22 Juni. Katika miezi hiyo ndege za vikosi vyote, 31 ikiwa mmojawapo, ziliingiza watu wapatao 12,000, mafuta, risasi, mifuko 1,200 ya barua na sigara zaidi ya 40,000,000. Zilitoa majeruhi 13,000 na raia na watumishi 43,000 ili midomo ya kulishwa ipungue. Ile mifuko ya barua isikushangaze. Aliyeamua barua zipewe nafasi sawa na risasi alimjua askari.

Kohima, kaskazini ya Imphal, palikuwa padogo mno. Walinzi walishika kilima kimoja, Wajapani wakiwa umbali wa uwanja wa tenisi. Hata maji yalidondoshwa, na mengine yaliangukia upande wa adui.

9. Miavuli ya juti ilikuwa nini?

Hariri na kitambaa cha miavuli vilikuwa haba, na mahitaji ya Burma yaliwekwa nyuma ya Ulaya. Slim na maofisa wake wakageukia kilichojaa Bengal: juti, ile nyuzi ya magunia. Viwanda vya Calcutta vikashona miavuli ya juti. Mmoja uligharimu kama pauni 1, wakati wa hariri ulipita pauni 20, na kwa mzigo ulifanya kazi karibu sawa. Kwa mtu haukufaa kamwe, wala hakuna aliyekusudia hivyo.

10. Kati ya Wajapani na hali ya hewa, nini kilitisha zaidi?

Baada ya katikati ya 1944 ndege za Kijapani zilikuwa zimepungua sana, lakini mawingu hayakupungua. Upepo wa kusi, uleule unaosukuma majahazi ya pwani yetu kwenda Arabuni na Bara Hindi, unafika Burma ukiwa umebeba maji ya bahari nzima na kuyagonga kwenye milima. Wingu la radi lililosimama huko linaweza kuinua ndege mamia ya mita na kuiangusha papo hapo, au kuivunja mabawa.

Mfano mmoja unatosha. Tarehe 10 Agosti 1944 skwadroni nyingine, ya 615, ilikuwa inahama na Spitfire 16. Iliingia wingu, ikapoteza 8. Hakuna adui aliyekuwa karibu. Dakota zilipita katika mawingu kama hayo kila siku kwa miezi mitano, kwa sababu askari wa chini hawali keshokutwa.

## Askari wa Keya

11. Babu yangu alisema walikuwa "Bama" na chakula chao kilianguka kutoka mbinguni. Ni kweli au ni hadithi ya wazee?

Ni kweli neno kwa neno. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kifaru, chini ya Jenerali Fowkes, ilishika zamu karibu na Tamu Agosti 1944 na kuteremka Bonde la Kabaw wakati mvua zikiwa zimekolea. Ndani yake walikuwamo vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na Kiswahili kiliwaunganisha. Kusonga mbele katika bonde lile msimu ule kulikuwa kugumu mno, kwa matope na malaria yake. Jeshi lilisonga. Katikati ya Novemba liliingia Kalemyo, na tarehe 2 Desemba likaishika Kalewa penye mto Chindwin. Daraja lililojengwa hapo siku chache baadaye lilikuwa na urefu wa mita 350 hivi, daraja refu kuliko yote ya aina yake wakati huo.

Nyuma yao barabara ilikuwa ya kuzamisha lori hadi kwenye boneti. Divisheni iliishi kwa mzigo wa ndege. Babu yako alisimama kando ya uwazi kama ule wa swali la 6, akaona magunia yakibingirika, akaenda kuyaokota.

12. Kwa hiyo ni Skwadroni ya 31 iliyomlisha babu yangu?

Usiseme hivyo bila ushahidi wa tarehe. Kazi iligawanywa kati ya skwadroni kadhaa za Dakota za Uingereza, zikiwemo 31, 62, 117 na 194, pamoja na vikosi vya Marekani na, mwisho wa 1944, vya Kanada. Vilihamishwa huku na huko kulingana na haja. Tarehe 10 Desemba 1944, kwa mfano, Dakota 75 za Kimarekani ziliondolewa ghafla kwenda China, na zilizobaki zikabeba pengo. Askari wa chini hakusoma namba ubavuni mwa ndege. Namna ya kutafuta iko swali la 17.

13. Kwa nini watu wetu hulinganisha habari hii na Kariakoo?

Kwa sababu kazi ni ileile. Katika vita vya 1914 hadi 1918 posho ya jeshi hapa kwetu ilibebwa vichwani na wapagazi, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu wakiwapelekea wengine chakula. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimechukua jina la kikosi chao, Carrier Corps. Robo karne baadaye, watoto wa kizazi kile walikuwa Burma, na mzigo ambao baba zao wangeubeba miezi mitatu ulifika kwa saa mbili.

Sisemi hili kuwapunguzia wapagazi heshima. Nasema anayefahamu Kariakoo ilimaanisha nini haulizi kwa nini skwadroni ya kubeba magunia inastahili historia yake.

## Maswali ya pembeni

14. Ni skwadroni ileile iliyokuwa Afrika Mashariki mwaka 1916?

Hapana. Ile ilikuwa Skwadroni ya 26, ya Waafrika Kusini, iliyoshuka Mombasa mwanzoni mwa 1916 na kuruka kutoka Mbuyuni dhidi ya Wajerumani. Skwadroni ya 31 wakati huo ilikuwa India.

15. Walikuwamo Waafrika katika ndege za uchukuzi?

Marubani na wenzao walitoka Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na nchi nyingine za himaya, na wasukumaji wa mizigo wengi walikuwa Wahindi (swali la 6). Waafrika Mashariki na Magharibi walikuwa upande wa kupokea, na mara nyingine walisafirishwa wenyewe: brigedi moja ya Nigeria ilikuwa pamoja na Chindit mwaka 1944.

16. Vita vilipoisha ilikwenda wapi? Ipo bado?

Rangoon ilichukuliwa mwanzoni mwa Mei 1945, skwadroni ikisogea na jeshi hadi kisiwa cha Ramree, kwa kuwa Dakota ilifanya kazi vizuri ndani ya kilomita 400 hivi kutoka kituo chake. Kisha ikapelekwa Java, ambako ilibeba wafungwa na familia zilizokuwa makambini, katikati ya vita vya uhuru wa Indonesia. Tarehe 23 Novemba 1945 Dakota yake moja ilianguka karibu na Bekasi. Wafanyakazi wa ndege na askari wa Kihindi waliokuwamo waliuawa, na majeshi ya Uingereza yakalipiza kwa kuuchoma mji. Ni sehemu chungu ya historia hii, na anayesimulia Imphal kwa fahari anapaswa kuisimulia na hii.

Ilivunjwa Java mwaka 1946, jina likahamishiwa kikosi kingine mwaka huohuo. Baadaye ikawa ya ndege za kivita za Tornado hadi 2019. Sasa jina hilo liko Waddington, na ndege za Protector zisizo na rubani ndani.

17. Nawezaje kutafuta habari za ndugu yangu?

Anza na jina la askari, namba yake ya jeshi na batalioni, kwa mfano "KAR ya 5". Aliyekufa hutafutwa kwa jina katika orodha za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Wasio na kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye Mnara wa Rangoon, makaburi ya Taukkyan, penye majina yapatayo 27,000, yakiwemo mengi ya Afrika. Tafuta jina kwa tahajia zote unazozifikiria, maana karani Mwingereza aliandika alivyosikia.

Kwa upande wa ndege, madaftari ya kila siku ya skwadroni yamehifadhiwa Kew, London, kwenye fungu la AIR 27. Shajara za vita za vikosi vya ardhini vya Asia ya Kusini-Mashariki ziko fungu la WO 172. Weka hayo mawili ubavu kwa ubavu. Batalioni ikiandika siku fulani kwamba iko karibu na Yazagyo na imepokea mzigo, fungua daftari la kila skwadroni kwa tarehe hiyo. Ukurasa una safu za rubani, namba ya ndege, saa ya kuondoka na saa ya kurudi.

Ndege ikirudi salama, maelezo huwa mstari mmoja tu. Chukua namba ya ndege na majina ya waliokuwamo, uyaandike karibu na jina la babu.